Migomba ya Nyuma ya Kambi

Bustani ya kartie yetu, mtaa wa pembeni mwa Kasongo, zamani ilikuwa fermu ya maziwa. Wakati wa vita ng'ombe waliliwa, wakamuaji wakatawanyika, majani yakafunika zizi. Viongozi walipoamua kuifanya bustani ya watu wote, shefu wa kartie aliniomba niandike historia ya mahali pale na kuchora ramani. Sikupita shule ya msingi, lakini ninasoma, na watu wanajua kwamba nikipima kitu ninakipima kweli.

Nilipima zizi, kisima, chumba cha kuchujia maziwa na misingi ya nyumba za kambi ya wafanyakazi. Niliwauliza wanaume watatu waliowahi kukamua, kila mmoja peke yake, maswali yaleyale. Nyuma ya kambi nilikuta migomba. Mikungu yake ilikuwa imeiva mpaka ikaoza juu, hakuna aliyeigusa. Niliandika: "Migomba iliyoachwa. Haina mwenyewe." Wafanyakazi waliifyeka, wakamwaga simenti, wakajenga kibanda cha vinywaji.

Wiki ile bustani ilipofunguliwa, mjane wa mkamuaji mmoja, mama anayeuza chikwangi, mikate ya muhogo, karibu na kwetu, alinisimamisha njiani.

"Ile karatasi ya migomba, ni weye uliandika?"

"Ni mimi, mama."

"Uliuliza nani?"

Nikamwambia niliowauliza. Akacheka kidogo.

"Hao? Hao wanajua tu ng'ombe gani alikuwa anapiga teke. Wamama je?"

Akashusha beseni lake chini, akasema bila kupandisha sauti:

"Mutoto wangu wa kwanza iko pale. Alizaliwa, hakulia. Wa namna hiyo tulikuwa tunazika sisi wamama, tunapanda mugomba juu. Ndizi zake hatuzili."

Kosa langu si kwamba sikujua. Nyuma ya jiko la mama yangu mzazi ulikuwapo mgomba ambao tulikatazwa kuchuma, na nilipokuwa mkubwa shangazi aliniambia sababu. Nilijua, na bado niliiona mikungu ile ikioza nikafikiri ni uvivu wa watu. Wanawake wa kambi sikuwauliza kwa sababu hawakuwa kwenye orodha ya waliolipwa mshahara na fermu, na mimi nilikuwa nikiifuata orodha.

Nilikwenda kwa shefu kuomba kibanda kihamishwe. Akasema wenye watoto waliozikwa pale waje watangaze mbele yake. Nilipomfikishia mama yule maneno hayo, akanitazama kama mtu aliyeombwa kuvua nguo sokoni.

"Wacha kibanda," akasema. "Mimi nataka kujua tu nisimame wapi. Mugomba wangu ulikuwa wa tatu, ukitoka upande wa kisima. Sasa ni simenti tupu, macho yangu inapotea. Weye ulipima. Angalia mu karatasi yako, unionyeshe."

Nilimpeleka nyumbani, nikaifungua ramani juu ya meza. Kisima kipo, umbali wake kutoka zizini umeandikwa. Milango ya nyumba za kambi ipo, mmoja mmoja. Nyuma yake kuna duara moja la kalamu, na ndani yake neno "migomba".

Alisubiri, kidole chake kikiwa juu ya kisima. Ilinibidi nimwambie kwamba migomba ile sikuipima.