Saa Moja Tangu Ijumaa

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye kaunta ya shirika moja la mifugo mjini Garsen. Mbele yangu alisimama mfugaji kutoka Minjila. Aliripoti ng'ombe wagonjwa Ijumaa saa kumi jioni, akaahidiwa daktari ndani ya masaa manane.

Karani alimgeuzia kompyuta. "Mzee, imepita saa moja tu. Ijumaa tulifunga saa kumi na moja, ndiyo tumefungua sasa. Hii huhesabu saa za kazi pekee."

"Binti, ng'ombe yangu mbili imekufa Jumapili. Hiyo iko kwa saa gani?"

Karani aliinuka, akaenda mwenyewe kumwita daktari. Gari la daktari likaondoka papo hapo.

Kompyuta haikukosea hesabu. Nadhani tu aliyeipanga hajawahi kuuguza ng'ombe wikendi.