Batri ya Tatu

Siku ile kwenye sentre ya afya ya Kibabi tulikuwa watatu: muuguzi Esperance, ambaye ni mutoto wa dada yangu Feza; Papa Kambale wa Butembo, aliyetuuzia batri za sola; na miye, mwenye kufagia pale. Vita ilikuwa Kalembe, kule anakaa mutoto wangu Bahati, na simu yangu ilikuwa imekufa.

Frigo ya chanjo ilikuwa inapoteza baridi. Papa Kambale akaleta kipimo cha umeme, akafunga waya kwa kila batri.

"Mama, hii inapima batri moja, kisha ingine, yenyewe. Inangojea frigo iwake, njo inaanza. Uilinde."

Akaenda chai na Esperance. Nikailinda vizuri sana. Nikachomeka simu yangu na za majirani kwenye batri ya tatu, kama kila siku, nikafunika na kitenge. Nilijiambia: kama kipimo kinangojea, basi hakioni bado.

Waliporudi, frigo ikawaka. Kipimo kikalia tik, tik, kikazunguka. Kila kikifika batri ya tatu, namba inaanguka.

"Papa Kambale, umetuuzia batri mbovu!" Esperance akafoka. "Chanjo zikiharibika, nitawaambia nini wamama?"

"Iko mpya, Mama, naapa!"

Nami nikaongeza: "Batri za Butembo ni kama watu wa kule: zinajua kusali tu, kazi hapana!"

Papa Kambale akachukua ufunguo wa nati aitoe batri ile. Kitenge kikaanza kuimba.

Papa Kambale akakifunua, akanipa simu kwa mikono miwili. Ilikuwa Bahati: "Mama, tuko wazima, tumefika Nyamitaba."

Nikalia mbele yao, simu za majirani zote zikiwaka.

Kama nimekosea jina la mutu, munirekebishe. Mambo ya batri, muyaache vile.