Bei Isiyoshuka

Mama yangu alinunua hisa za benki nilipokuwa kidato cha pili. Alikuwaga anauza vitumbua Temeke, na siku moja wakaja watu na fomu, wakawaeleza akinamama wa kikundi chao kwamba benki inauza vipande vyake kwa wananchi. Wenzake wakanunua vitenge. Yeye akanunua hisa, risiti akaitia kwenye bahasha ya kadi yangu ya kliniki, maana hiyo ndiyo karatasi ambayo hajawahi kuipoteza.

Kuanzia hapo jioni nikawa na kazi. Baada ya taarifa ya habari redio ilisoma bei za hisa, na mie niliandika yetu daftarini: tarehe kushoto, bei kulia. Nikichelewa kushika kalamu, mama ananijia juu. "We mtoto, andika! Unadhani mtangazaji atakurudia?"

Wiki inapita, bei ileile. Mwezi, ileile. Mama akawa anatamba kwa majirani: "Nyanya zinapanda, mkaa unapanda, mara vimeshuka. Changu kimetulia tuli. Hakishuki."

Jirani mmoja, mama wa Kizaramo mwenye ulimi wake, akamjibu, "Shoga, hata maiti katulia."

Tulicheka wote, na mama ndiye aliyecheka kutuzidi.

Madaftari yakafika matano. Niliyaandika nikiwa na sare ya shule, nikiwa na mimba, na nikinyonyesha, kalamu mkono mmoja, mtoto mkono wa pili.

Mwaka juzi nilikuwa nimepanga chumba Vingunguti, si mbali na machinjio, mie na binti yangu wa miaka mitatu. Masika yakaleta maji ya mtaro mpaka kwenye godoro, na mtaro wa pale unapitisha nini sina haja ya kueleza. Mtoto alikohoa mwezi mzima. Mama alikuwa na kiwanja Chanika, kuta za vyumba viwili zimesimama bila paa. Masika mengine yalipokaribia, akaitoa ile bahasha.

"Kauze, upaue kabla mvua haijaanza. Bei unayo mwenyewe daftarini."

Nikaenda mjini kwa dalali wa hisa. Kijana wa rika langu, tai shingoni. Nikamtajia bei ya redioni. Akaniangalia kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi.

"Sista, hiyo ni bei ya mara ya mwisho zilipouzwa."

"Ziliuzwa lini?"

Akabonyeza kompyuta yake. "Kama wiki mbili zilizopita."

"Na ya jana redioni?"

"Jana hakukuwa na mnunuzi. Pasipokuwa na biashara inarudiwa ile ya mwisho."

"Kwa hiyo mnatusomea bei ya kitu ambacho hakuna anayekitaka?"

"Wapo wanaokitaka, sista. Ila kwa bei ya chini."

Nilitoka pale nimefura. Sikumkasirikia yeye. Nilikasirikia ile miaka yote ambayo hakuna mtu aliyeona tunastahili kuambiwa maneno matatu tu: leo hazikuuzwa hisa.

Jumamosi asubuhi nikayatandaza madaftari mkekani kwa mama, nikachukua kalamu nyekundu, nikazungushia kila siku ambayo bei ilibadilika, yaani ilipopanda shilingi moja au mbili. Najua hisa zinaweza kuuzwa bei isibadilike, lakini kipimo nilichokuwa nacho ni hicho. Daftari la kwanza lilikuwa na duara tatu. La tatu lilikuwa na duara kila baada ya wiki kadhaa. La tano, tangu watu waanze kununua kwa simu, duara zimesogeleana, wiki moja, wiki mbili. Hesabu sikufaulu kidato cha nne, ila hili nililiona: soko lilikuwa linaamka, polepole mno. Muda linaokaa kimya ndio muda muuzaji atakaosubiri. Masika yalikuwa yamebakiza wiki kama sita kuanza. Tungewahi, tukishusha bei.

"Nishushe?" mama akasema. "Miaka yote hii haijashuka!"

"Mama, haikushuka kwa sababu hazikuuzwa."

Akalivuta daftari la kwanza. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, kidole kikishuka juu ya tarakimu zilezile kwa mwandiko wangu wa kitoto.

"Kumbe yule shoga na maiti yake..." Akalifunga. "Uza nusu. Kwa hiyo bei yao."

Siku ya kumi na saba dalali akapiga simu, zimepata mtu. Bati likatosha chumba kimoja. Tumehamia Chanika wote watatu, na kile chumba cha pili kiko wazi mpaka leo, tunaanika nguo humo jua likiwaka. Mvua ilipoanza mtoto alilala pakavu. Mie bado nina hasira, nisidanganye. Kwa bei tuliyoambiwa miaka yote, nusu hiyohiyo ingetosha kuezeka vyumba vyote viwili.

Nusu iliyobaki mama bado anaifuatilia. Jioni mtangazaji akishasoma bei, mama anaigeukia redio kama mtu aliyevunjiwa heshima.

"Zimeuzwa ngapi?"

Redio inahamia hali ya hewa.

"Andika," ananiambia. "Na pembeni weka alama ya kuuliza."