Mafuta ya Figo kwa Ndege wa Mama

Mama alipopooza mkono na mguu wa kulia, hamu ya karibu kila kitu ilimwisha. Uji aliugusa tu. Alichoulizia ni ndege: wale wadogo, weusi kwa weupe, wanaotikisa mikia, waliokuwa wakimfuata kila alipolima. Alikaa barazani akilitazama shamba ambalo sasa halikuwa na mtu.

Mimi nilikuwa mwalimu Lipingo, kule ziwani, na nilikuwa nimepanda milimani, nyumbani kwetu Mbinga, kwa likizo. Likizo ilikuwa inakwisha. Kaka zangu, tangu biashara huria iingie, walikuwa wanazunguka na magari ya wanunuzi binafsi wa kahawa. Ukiwauliza habari za mama, wanakutajia bei. Kwa hiyo mzigo ulikuwa wangu. Nikajiambia, nikimrudishia ndege wake atakula, atapata nguvu, nami nitaondoka bila kujilaumu.

Nikaenda bucha. Muuzaji alinikatia mafuta laini ya tumboni. Nikayakataa, nikataka yale magumu ya kwenye figo, yasiyoyeyuka upesi.

"Dada, unataka kupikia nini?"

"Nalisha ndege."

Akayafunga kwenye gazeti bila kuniangalia tena.

Nyumbani niliyayeyusha, nikayachanganya na pumba, nikayagandisha kwenye kopo na kulitundika kwenye mti wa kahawa ulio mbele ya baraza. Wakaja kunguru. Kilichodondoka akala mbwa wa jirani. Nikafukua mabuu kwenye samadi, nikayakausha juani kwanza, maana yakiwa hai yananitia kinyaa. Hayo yakabebwa na sisimizi. Mama alitazama mahangaiko yangu yote, hadi asubuhi moja akachoka.

"Hao hawali vya kutundikiwa," alisema, ulimi ukiwa mzito. "Lima."

Nilikasirika. Nimechota maji, nimefua, nimemwogesha, nimepika uji asioutaka, halafu nilime! Nilichukua jembe kwa hasira nikaingia kwenye ngoro zilizo karibu na baraza, yale mashimo yetu ya mlimani yenye kingo za udongo uliofukia majani. Nilipoukata ukingo wa kwanza, majani yaliyooza yakafunuka na mabuu meupe yakajikunja kwenye mwanga. Mgongo ulianza kuniuma kabla sijafika mbali. Nilikuwa nimeinama hivyo hivyo, nalaani kimoyomoyo, ndege mmoja alipotua nyuma yangu. Akatikisa mkia, akadonoa. Na mwenzake akaja.

Nikamgeukia mama. Alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, na bakuli la uji lilikuwa tupu mapajani mwake. Nilifurahi mno, uchovu wote nikausahau kwa muda.

"Wameshakuzoea," alisema.

"Wakuzoee wewe, mama. Mimi Jumatatu narudi shuleni."

Aliwafuata wale ndege kwa macho.

"Na mimi nililetwa hapa kumuuguza bibi yako mzaa baba tu, mwanangu. Nilisema akipata nafuu nitarudi kwetu Kitai."

Hakusema kwa ubaya. Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke. Nilitamani kulitupa lile jembe, niende zangu. Lakini nilipogeuka, ndege walikuwa wamesogea hadi karibu na miguu yangu, wananingoja, na mama alikuwa anatazama. Nikaukata ukingo mwingine.