Nyuma Hakuna Mtu

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Msicheke. Kazi niliyoifanya imekwisha, na mtu ambaye kazi yake imekwisha ana haki ya kusimulia ilivyokuwa.

Siku ya kwanza niliripoti Bugembe, karibu na Jinja huku Uganda, kwa mwanajeshi mstaafu aliyekuwa akipeleka wageni kwa baiskeli kutoka Jinja hadi Mbale, wakilala kwenye mahema njiani. Sote tulimwita Afande. Aliitazama baiskeli yangu, akagusa karia, kile chuma cha nyuma cha kubebea mzigo. Nilikuwa nimeifungia mto wa abiria.

"Wewe iko boda?"

"Nilikuwa, Afande."

"Basi utabeba mahema. Wewe iko mkia. Mkia napita mtu?"

"Sijui, Afande."

"Hapana! Hata kama huyo mtu nalala."

Kazi ya mkia ni kuwa wa mwisho. Aliyepata pancha unamzibia, aliyechoka unamsubiri. Kambini hakuna aliyefungua hema mpaka mkia afike na kusema, "Nyuma hakuna mtu." Mimi niliota kuwa wa mbele, niuone mlima wa Masaba, ambao ramani huuita Elgon, kabla ya wote, badala ya migongo ya watu.

Mvua tuliiheshimu. Hema hupigwa mahali palipoinuka, mbali na mti mrefu, mlango ukiupa upepo kisogo. Baiskeli hulazwa mbali na watu kwa sababu ya radi.

Safari moja tulikuwa na walimu kutoka Kenya. Tulipita mjini Mbale mchana, tukashika njia ya Nakaloke, ilikokuwa kambi ya mwisho, mlima umeshamezwa na wingu jeusi. Afande akateleza kwenye changarawe, goti likavimba. Akawaambia walimu watangulie. Nilipofika nilimkuta ameketi kando ya njia, mashamba wazi pande zote, radi zinapiga.

"Pita! Peleka mahema, wageni watalowa."

"Mkia hapiti mtu, Afande."

"Hiyo ni amri!"

"Na ile ya Bugembe ilikuwa nini? Panda karia."

"Mimi? Kama gunia ya muhogo?"

Radi ikapiga karibu. Akailaza baiskeli yake shambani, akapanda. Lakini aliketi juu ya mahema akiwa amegeuka, mgongo wake kwa wangu, macho yakitazama tulikotoka.

"Sasa mkia ni mimi," alisema. "Wewe iko mbele. Endesha."

Mvua ikatushukia. Mbele nilikokuota sikuona mlima, hata tairi langu sikuliona. "Shimo!" Afande alipaza sauti kila tulipokwisha kuingia shimoni.

Walimu walikuwa wamejibanza kwenye baraza la duka, meno yakigongana. Hakuna aliyeulizia mahema. Walinitazama, wakingoja neno. Neno hilo halikuwa langu tena. Nyuma yangu Afande akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nyuma hakuna mtu."

Goti halikupona sawasawa. Afande akauza baiskeli zake, na kazi ikaishia hapo. Sasa mimi hutengeneza baiskeli Buwenge, na bado naota safari za mbali zaidi. Siku ya soko yeye huja na teksi, akanikosoa namna ninavyokaza spoki.

Jioni mke wangu huita, "Njoo, chakula tayari!" Nami hutoka kwanza barabarani, nikatazama upande wa Jinja, kama kuna mtu anayesukuma baiskeli. Akiwepo, chakula kinapoa.