Ng'ombe Aliyesemekana Anaomboleza

Tulipomzika mke wangu hapa Kabuchai, ng'ombe wake wa maziwa alibaki mikononi mwangu. Wiki ya pili akaanza kususa chakula. Hakucheua vizuri, maziwa yakapungua hadi kikombe, na mavi yake yakawa magumu, meusi, kama ya mbuzi.

Majirani waliokuja kunipa pole walielewa mara moja.

"Huyu analilia mwenyewe," mama mmoja alisema akijifuta macho. "Na kuna watu hata wiki hawamalizi wakilia, bana!"

Sifa zikaenea. Watu ambao hawakufika mazishini walikuja kumtazama ng'ombe. Mchungaji alimwombea, mkono juu ya pembe. Kaka yangu mkubwa akaamua kwamba mnyama anayemfuata marehemu haponi. Jumamosi achinjwe, kabla hajakonda zaidi.

Hakuna aliyeniuliza kitu.

Ijumaa akafika dada ya mke wangu kutoka Kitale, anakofuga ng'ombe watano. Aliokota kijiti, akavunja donge la mavi, akalitazama.

"Shemeji, unamlisha nini?"

"Kaliandra."

"Na nini?"

"Kaliandra."

"Kila siku?"

"Tangu mazishi."

Ua wa kaliandra, ile miti midogo ya majani ya mifugo, uko hatua chache kutoka mlangoni. Nyasi za nepia ziko chini mtoni, ambako mke wangu alikuwa akikata, mimi nikifunga mizigo. Sikuweza kwenda huko peke yangu. Nilimwambia hivyo, watu wakisikia.

"Basi anayeomboleza ni wewe," alisema, "na anayefunga choo ni yeye!"

Akatueleza kwamba majani yale yana tanini, ule ukali unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyochemka mno. Kidogo ni kizuri: husaidia tumbo lisijae gesi, na hulinda protini isiharibike katika tumbo la kwanza. Ikizidi, inakifunga chakula, na vijidudu vinavyokisaga humo ndani vinashindwa kazi.

"Mpe mizigo miwili ya nepia kwa mmoja wa kaliandra. Na maji mengi."

Kaka yangu alikuna kichwa. "Sasa mchinjaji nimwambie nini?"

"Mwambie aje na panga. Kuna nepia ya kukatwa."

Na mchinjaji alikuja, kweli. Alikata, mimi nikafunga. Kuna mzigo mmoja niliufunga mara tatu kwa sababu sikuwa naona vizuri.

Siku ya nne mavi yakalainika. Yule mama jirani alipita, akamkuta ng'ombe akitafuna kwa bidii, akasikitika.

"Ati amesahau haraka hivi?"

Nilimwambia ukweli: amekunya.