Rozela kwenye Jumba la Mumiani

Mimi ndiye niliyelitaka lile jumba. Msimsingizie mume wangu, yeye angefanya sherehe ya harusi yetu hata stendi ya mabasi ya Msamvu, mradi pilau lipo. Enzi zile za ruksa kila kitu kilikuwa kinauzwa, na mfanyabiashara mmoja alikuwa amenunua nyumba ya zamani ya meneja mzungu wa shamba la mkonge, akaipaka rangi, akatundika vitambaa vya satini, akaiita ukumbi. Ina nguzo, ina baraza pana, ina bustani. Nikasema hapahapa!

Niliyemsahau ni bibi yangu mzaa mama, aliyenilea huko mlimani juu ya Bigwa. Tangu utoto wake, watu wa kule walijua jumba lile ni la mumiani: mtu anaingia mzima, ananyonywa damu, haonekani tena. Nilimcheka. Nikamwambia, "Bibi, mumiani waliondoka na wakoloni." Akaguna tu.

Siku yenyewe tulipotoka kanisani, alijikaza, yeye na ndugu zetu wa mlimani, wakafika mpaka kwenye ngazi za baraza. Hapo ndipo wahudumu wakatoka na makoti yao meupe, glavu mikononi, sinia zimejaa glasi za juisi ya rozela. Nyekundu hiyo, nzito! Mmoja akamwinamia bibi kwa adabu zote.

"Karibu bibi, tunaanza na wewe."

Mama yangu wee! Bibi alipiga yowe, viti vya bustani vikapinduka, na shangazi yangu mmoja, aliyekuwa akilalamikia magoti tangu Pasaka, akaruka ua wa michongoma. Nilicheka mpaka machozi, kisha yakageuka machozi ya kweli, maana bila bibi nisingeingia mle ndani, naye alikuwa ameshafika getini.

Nikakusanya gauni, nikampokonya mhudumu sinia, nikamkimbilia. Mbele ya wakwe zangu nikabugia glasi ya kwanza, nikabugia ya pili, ya tatu ikanimwagikia kifuani.

"Umeona? Rozela hii, bibi! Maua ya kuchemsha!"

Akalitazama lile doa kwenye gauni jeupe, akanitazama usoni. Hakuniamini hata kidogo, naapa.

"Umeshameza?"

"Nimeshameza."

Akachukua glasi, akafumba macho, akainywa yote.

"Wakikumaliza wewe, mimi nabaki na nani?" akasema, akanishika mkono, tukaingia.